Nilivyosahihisha Uchungu

Kabla hujaanza kunionea huruma, jua kwamba mimi si msomi. Chuo kikuu nilikiingia kwa mlango wa wafanyakazi, na cheti cha sekondari chenye alama moja tu ya kujivunia, ya Kiswahili. Zile nyingine, kama cheti kingekuwa na mikono kingezifunika. Hiyo alama moja nimeitembeza mjini kama mtu mwenye jogoo mmoja: asubuhi anamtoa, mchana anamsifia, jioni anarudi naye nyumbani hajauzwa. Mama alikitia cheti kwenye fremu, akakitundika sebuleni, na masomo mengine akayaziba na pembe ya picha ya harusi ya dada.

Chumba ninachofanyia kazi kiko ghorofa ya tatu ya maktaba, mwisho wa korido, ukishapita vyoo. Mlangoni pameandikwa Historia na Fasihi ya Kanda. Ndani kuna rafu za chuma, mashine ya kunyonya unyevu inayokoroma kama mjomba aliyeshiba, na maboksi mia tisa ya vitu ambavyo watu walitaka kuvitupa, Mkutubi akawawahi: barua za walimu wa zamani, madaftari ya nyimbo za kwaya, mihtasari ya vyama vya wakulima, tamthilia zilizochezwa mara moja zikasahaulika, na ukizisoma unaelewa kwa nini.

Tuko watatu. Mkutubi ndiye mkuu wetu, mtu mrefu, mpole, anayenong'ona hata akiwa barabarani. Mama Gundi ni fundi wa kutengeneza vitabu vilivyochanika. Ukimpa mkono asubuhi unaweza kuondoka naye. Wa tatu ni mimi, kibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, ninayeitwa Sanifu. Jina hilo alinipa Mama Gundi siku aliyonikuta nimesahihisha tangazo la mlango wa choo. Lilikuwa limeandikwa "Tafazali funga mlango." Nikalitia dh pale palipostahili.

"Maji hayatoki siku ya tatu leo," Mama Gundi akaniambia, "na wewe ulichokiona humu ni z?"

Kazi yangu ilikuwa mambo mawili. Kuweka namba kila ukurasa kwa penseli, juu kulia, ndogo kama mguu wa sisimizi. Na kusafisha uchafu wa pembezoni kwa kifutio laini, polepole, bila kugusa maandishi. Basi. Ng'ombe aliyefundishwa vizuri angeiweza kazi hiyo, tena angeiweza kuliko mimi, kwa sababu ng'ombe hajiongezei majukumu.

Sasa, siku moja ya Jumanne akaja bibi mmoja amebeba mfuko wa plastiki kifuani kama mtoto mchanga. Alikuwa mkunga wa zahanati ya zamani kwa miaka thelathini na sita, na Mkutubi alikuwa amemfuatilia kwa miaka miwili, kwa barua, kwa simu, kwa kwenda kumjulia hali, mpaka majirani wa bibi wakaanza kuulizana kama ni posa. Alichokuwa anakitaka Mkutubi ni madaftari ishirini. Katika miaka yote ile, Bibi Mkunga alikuwa akiandika maneno wanayosema wanawake wakiwa na uchungu wa kuzaa. Matusi, sala, nyimbo, ahadi, laana kwa waume. Yote.

"Kila mmoja nilimsomea asubuhi yake, kabla hajaenda nyumbani," alituambia. Alikaa wima kwenye kiti chetu kibovu, na kiti kikaona aibu kuyumba. "Aliyeniambia chana, nilichana mbele ya macho yake. Aliyecheka, nikabaki nayo. Majina humu hamna."

"Tunaelewa, bibi," Mkutubi akanong'ona.

"Nahamia kwa binti yangu. Chumba kimoja na wajukuu watatu, madaftari hayana pa kulala. Nimekuleteeni moja. Alhamisi ya wiki ijayo nitakuja kuona mmelitunzaje. Mkilitunza, kumi na tisa yaliyobaki ni yenu. Mkilichezea, nayachoma kwa mkono wangu. Heri yafie kwangu kuliko yakafungiwe karanga."

Mkutubi alikubali kwa kichwa. Kisha bibi akageuka, akaniangalia mimi. Sijui kwa nini mimi, na Mama Gundi alikuwepo.

"Na kila kilichomo humo kina sababu yake. Umenisikia, baba?"

"Nimekusikia, bibi."

Nilijibu haraka, kama anavyojibu mtu asiyesikiliza.

Daftari lenyewe lilikuwa la shule, mistari myembamba, jalada limekunjika masikio. Limeandikwa lote kwa penseli. Baadaye nilikuja kujua sababu: mikono ya mkunga haikauki, na wino unaona maji kama mlevi anavyoona pombe. Nikaanza kuweka namba. Ukurasa wa kwanza nilicheka peke yangu. Ukurasa wa tatu nikamsomea Mama Gundi kwa sauti:

"Mama nakufa. Hufi. Nakufa nakwambia! Mara ya mwisho ulisema hivyo hivyo, na mtoto yuko darasa la tatu."

Na huu:

"Mkimuona huyo baba watoto mwambieni kitanda nshakigawa. Alale na baiskeli yake."

Na mwingine, wa mwanamke aliyekuwa anamtukana mkunga kwa mpangilio, kama anayesoma orodha ya mahudhurio: "We una roho ya jiwe, una mkono wa barafu, una pua ya kunusia ya watu, shika hapohapo usitoe mkono."

Mama Gundi alicheka mpaka brashi ya gundi ikamdondoka. Mpaka hapo mimi ni mtu mzuri. Ningefia hapo, mngesema tumepoteza kijana.

Ugonjwa ulianza na lile "nshakigawa". Liliniwasha. Nikajiambia, hii itakuja kusomwa na maprofesa, itawekwa kwenye boksi maalumu, watafiti watatoka mbali na begi zao za magurudumu, halafu wakute "nshakigawa"? Watasema ndivyo tunavyoongea! Kwamba kweli ndivyo tunavyoongea, hilo halikunijia. Nikachukua penseli, nikaandika juu ya mstari, kidogo, kwa adabu: "nimekwisha kukigawa."

Jamani, penseli ya mtu mwenye alama moja isikie harufu ya kosa! "Mi siwezi" ikawa "Mimi siwezi." "We mkunga" ikawa "Wewe mkunga," halafu nikaona hata hivyo ni ukosefu wa heshima, nikaongeza "tafadhali." Kuna mwanamke alimwambia mumewe, kupitia dirishani, maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa kwa sababu mama yangu anajua kusoma, mimi niliyageuza kuwa "Mume wangu, sijapendezwa na mwenendo wako." Siku nne nzima niliwavalisha sare wanawake waliokuwa wanazaa. Mkutubi alipopita nyuma yangu akaniona nimeinama, akasema, "Bidii nzuri," na mimi nikainama zaidi.

Kwenye ukurasa wa thelathini na moja ndipo nilipovuka mpaka. Palikuwa na maneno haya: "Mi siwezi. Siwezi nasema. Kila mtu atoke. We mkunga toka, na huyu naye toooka. Toooka." Hizo o nimeziandika tatu tatu hapa ili usichoke, zenyewe zilikuwa nyingi, zimepangana kama shanga. Nikaona huu si uandishi, huu ni utelezi wa mkono. Na hilo neno limerudiwa bure. Kuandika juu yake hakutoshi, nikasema, hapa pana uchafu. Na uchafu si ndio kazi yangu? Nikachukua kifutio laini. Nikasugua kama sufuria. Nikaandika upya, kwa mwandiko wangu wa duara: "Kila mtu atoke. Wewe mkunga ondoka, na huyu naye atoke." Pembeni nikatia maoni, kama mwalimu wangu wa zamani: "Marudio. Mara moja inatosha."

Nikajiegemeza kwenye kiti nikajisikia nimelifanyia taifa jambo.

Jumatano, siku moja kabla bibi hajarudi, Mama Gundi alilichukua daftari ili alitie uzi mpya mgongoni. Nilimuona anafungua. Nilimuona anafunga. Akafungua tena, taratibu, kama mtu anayeinua sufuria akijua kuna panya.

"Sanifu."

"Naam, mama."

"'Mume wangu, sijapendezwa na mwenendo wako.'"

"Eeh."

"Hili limesemwa na mwanamke aliyepanuka sentimita nane?"

Sikujua kupanuka sentimita nane ni nini. Aliponieleza jinsi mlango wa uzazi unavyofunguka, nilikaa chini.

Mama Gundi ana watoto watano, na siku ile nilidhani ana sita, kwa jinsi alivyonisema. Alinisema mimi, akamsema mwalimu wangu, akairudia ile alama. Halafu akatulia, akafunga mapazia, akalaza taa mezani ili mwanga upite juu ya karatasi kwa ubavu. Huo ni ufundi wake: penseli ikifutwa, alama ya ncha yake hubaki kwenye karatasi kama njia ya konokono, na mwanga wa ubavu huionyesha. Kurasa nyingi zilipona. Huko nilikuwa nimeandika juu tu. Alifuta maneno yangu moja moja na ya bibi yakabaki yamekaa pale pale, yakitucheka. Tulipofika ukurasa wa thelathini na moja akainamisha taa huku, akainamisha kule. Karatasi ilikuwa imeota manyoya kama blanketi kuukuu. Hakuna njia, hakuna konokono.

"Hapa umechuna ngozi," akasema. "Nenda kamwambie Mkutubi. Sasa hivi."

"Nitamwambia kesho."

"Kesho bibi anakuja."

"Basi keshokutwa."

"Mtoto wa watu wewe! Madaftari kumi na tisa yatachomwa kwa ajili ya kiherehere chako!" Akashusha sauti. "Mimi nikiulizwa nitasema. Nisipoulizwa, nina gundi inakauka."

Mtu mwenye akili angekwenda kwa Mkutubi. Mimi nilikwenda nyumbani, kwa sababu nilikuwa na mpango. Maneno ya ukurasa ule niliyakumbuka. Kilichonishinda ni zile o, zilikuwa ngapi? Nikasema, si ni sauti ya mwanamke anayesukuma mtoto? Nikipata urefu wa sauti, nimepata o. Na sauti hiyo nyumbani kwetu ipo.

Nilimkuta mama sebuleni anapunguza pindo la sketi, sindano mbili mdomoni. Dada alikuwa amekuja kututembelea na kichanga chake begani.

"Mama, uliponizaa, ulisukuma kwa muda gani?"

Mama akatoa sindano moja. "Nani amekutuma?"

"Kazi."

"Kazi ya maktaba?"

"Ndiyo."

"Siku hizi vitabu vinazaa?" Akatoa na ya pili. Hapo nikajua nimepata, kwa sababu mama hatoi sindano mbili kwa jambo dogo. "Wewe? Wewe kichwa chako kilikuwa hivi." Akaonyesha kwa mikono kitu cha ukubwa wa mtungi wa gesi. "Nilisukuma jua limetoka, nikasukuma jua limesimama, jua likazama nasukuma."

"Mama," dada akasema, "mimi nilikuwepo. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye benchi hapo nje. Ulipiga ukelele mmoja, halafu nikasikia unaomba chai."

"Ulikuwa mtoto, utajua nini?"

"Chai yenyewe nilikuletea mimi."

"Ilikuwa chai ya mtu wa kitanda cha pili!"

Nikawaamua. Nikamwomba mama aseme tu neno "toka," kwa pumzi moja, kama alivyolisema siku ile. Mama alisimama. Alishika meza. Alifumba macho, akavuta hewa yote ya sebule mpaka pazia likaingia ndani, akaiachia. Nilihesabu kwa vidole. Kumi na nne. Jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna msiba.

"Amezidisha," dada akasema, akimpapasa mtoto aliyeshtuka. "Mama kila kitu anazidisha. Hata hiyo alama yako huwa anawaambia watu ulikuwa wa kwanza nchi nzima."

Lakini mimi nilikwishapata namba, na mtu mwenye namba hasikii.

Asubuhi niliwahi kabla ya wote. Nikachonga penseli, nikaiga mwandiko wa bibi, ule wa kuegemea kushoto. Mi siwezi, siwezi nasema, kila mtu atoke. Nikamrudishia mwanamke yule matamshi yake yote, hata "we" yake. Nikaweka o kumi na nne kwenye "toka", nikizihesabu mara mbili. Ile "toka" ya pili sikuirudisha. Nitakuwa mkweli: hata siku hiyo, na hofu yote ile, nilikuwa bado naamini moyoni kwamba marudio yale yalikuwa kosa.

Bibi Mkunga alifika saa nne. Mkutubi alivaa tai. Daftari lilikuwa mezani juu ya mto mdogo wa kitambaa ambao Mama Gundi huwekea vitabu vyenye mgongo mbaya, na karibu yake fomu ya makabidhiano na kalamu. Bibi hakugusa kalamu. Alivaa miwani, akafungua, akaanza kusoma kwa midomo bila sauti. Kila baada ya muda alikunja kidole kimoja kimoja cha mkono wa kushoto juu ya meza, kisha anavikunjua. Nilidhani ni baridi yabisi.

Alitabasamu ukurasa wa tatu. Akacheka ukurasa wa kumi na mbili. "Huyu alikuwa na mdomo huyu," akasema. Mkutubi akacheka naye kwa mnong'ono. Mama Gundi alikuwa anapaka gundi kitu ambacho kilikwishapakwa.

Ukurasa wa thelathini na moja. Akaanza kukunja vidole. Vitano vya kushoto vikaisha. Akaenda kulia. Vitano vikaisha. Akatazama mikono yake miwili, ngumi mbili zimekaa mezani, na daftari bado linadai. Uso wake ukabadilika, akawa mwekundu kidogo, na nikatambua kwamba muda wote huo alikuwa amebana pumzi.

Akahema.

"Huyu amekufa," akasema.

"Samahani, bibi?" Mkutubi akauliza.

"Huyu mwanamke. Kila o moja ni kidole kimoja. Nahesabu pumzi ya kusukuma, kidole kwa kidole, ili nijue anakwendaje, maana saa ya ukutani ilikuwa imekufa tangu naajiriwa. Mtu husukuma vidole sita. Saba. Mwenye mapafu ya tarumbeta, vinane. Hapa nimekuta kumi na vinne. Mtu akisukuma kumi na vinne bila kuvuta hewa, huyo tunamfunika shuka." Akavua miwani. "Na mimi huyu sikumfunika shuka. Jana nimepishana naye dukani ananunua ndoo."

Mashine ya kunyonya unyevu ilichagua wakati huo kunyamaza.

Mkutubi akamtazama Mama Gundi. Mama Gundi akafungua mdomo. Nikajua ameulizwa.

"Ni mimi," nikasema. "Nilisahihisha."

"Ulisahihisha nini?" bibi akauliza.

"Uchungu, bibi."

Nilieleza yote. Nilianza na "nshakigawa" nikamalizia na mama sebuleni. Nilijaribu njiani kutia utani kidogo, mahali pa mtungi wa gesi, hakuna aliyecheka, nikauacha ufe. Mkutubi alishusha kichwa. Sikuwahi kuona tai ya mtu ikihuzunika. Alisema tu, kwa sauti ya chini kuliko zote, "Bibi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyemwachia." Na hilo liliniuma kuliko kama angenipiga kofi, kwa sababu kofi ningelisimulia vizuri.

Bibi alifunga daftari. Alilitia kwenye mfuko wa plastiki, akaukunja mfuko mara mbili, akasimama. Kiti hakikuyumba.

"Nimewasikia," akasema. "Mwisho wa mwezi nahama. Kiberiti ninacho."

Akaanza kwenda. Mkutubi, na miaka yake miwili ya kumfuatilia, akaanza kuikunja fomu ya makabidhiano. Mimi, ambaye maneno huwa yananimwagika mpaka usingizini, nilitafuta neno zuri la kumzuia sikulipata. Nilipata swali tu, na halikuwa la ujanja. Lilikuwa linanisumbua tangu alipotaja ndoo.

"Bibi. Yule mwanamke alizaa nini?"

Alikuwa amekwishashika kitasa.

"Unataka ya nini?"

"Sijui. Nimekaa naye siku nne. Nimemtengenezea viwakilishi, nimemwekea tafadhali. Sikujiuliza hata mara moja kama mtoto alitoka."

Akanitazama. Alirudi hatua mbili, akauweka mfuko kwenye ukingo wa meza lakini mkono hakuutoa.

"Mapacha," akasema. "Wavulana. Wa kwanza vidole saba, wa pili vidole sita. Ndiyo maana kasema toka mara mbili. Wewe umebakisha toka moja."

"Ile ya pili niliandika ni marudio."

"Ile ya pili ni fundi bomba. Ana mke na pikipiki. Siku ukikutana naye mwambie kwamba yeye ni marudio."

Mama Gundi alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi. Halafu Mkutubi akatoa moja. Halafu bibi mwenyewe, mabega yakaanza kumtikisika, akavuta kile kiti akakaa, akajifuta macho na pembe ya kanga. Sisi wote tulicheka isipokuwa mimi, niliyekuwa nimemsahau mtoto wa watu tumboni kwa mamake kwa ajili ya mtindo bora wa uandishi.

Alipomaliza kucheka alikuwa bado na hasira, nisikudanganye. Alilitoa daftari, akafungua ukurasa wa thelathini na mbili, akanisukumia.

"Soma."

Nikasoma. Nilisoma vizuri, nikituliza sauti kwenye nukta.

"Hiyo ni taarifa ya habari," akasema. "Tena."

Nikasoma tena, nikavuta maneno kidogo.

"Hiyo ni tangazo la kifo. Baba, sikukuambia usome. Zaa!"

"Bibi, mimi ni…"

"Zaa!"

Basi nikashika meza kama mama alivyoshika. Nikafumba jicho moja, lingine nikaliacha kwa ajili ya kusomea. Bibi alikuwa anakunja vidole mbele ya uso wangu, na kila nilipoishiwa pumzi mapema alinirudisha mwanzo. Kwenye o ya sita nilisikia masikio yanalia. Kwenye o ya saba nilielewa, bila kufundishwa na cheti chochote, kwa nini mtu akiwa pale hasemi "nimekwisha kuchoka." Hana nafasi ya hiyo "mekwi." Mlango ulifunguliwa, mlinzi wa ghorofa akaingiza kichwa kuuliza kama aite gari la wagonjwa. Nyuma yake kulikuwa na wanafunzi kama kumi.

"Mfungie mlango," bibi akamwambia. "Anakaribia."

Haya ndiyo aliyoamua, na hakujadili na mtu. Kiberiti kitangoja. Daftari la kwanza linabaki. Kumi na tisa atayaleta moja moja, kila Alhamisi, na kila moja nitalisoma mbele yake ukurasa kwa ukurasa mpaka aridhike ndipo aliache. Nisipolifikisha, anaondoka nalo. "Karatasi ambayo hakuna anayejua kuisema ni ya kufungia karanga tu," alisema. "Mimi nina miaka sabini na nane. Lazima nimwachie mtu hizi pumzi. Nilitegemea binti, kumbe Mungu kaniletea hili."

Na kwenye orodha ya maktaba, pale tunapoeleza hali ya kila kitu kinachoingia, alisema liandikwe la ukurasa wa thelathini na moja, naye akaniandikisha neno kwa neno. Mpaka leo lipo, mtafiti yeyote anaweza kulisoma: "Huu ukurasa kuna kijana kaufuta akidhani ana akili. Yaliyoandikwa humu sio ya yule mama, ni ya huyo kijana na mamake. Ya kweli ni vidole saba, kisha sita. Msimfukuze, nshamsamehe, ila msimuachie kifutio."

Nilitaka kulisahihisha lile "nshamsamehe". Nikaliacha.

Sasa tuko daftari la sita. La nne alilirudisha nyumbani mara mbili, kwa sababu nilimzalisha mwanamke wa ukurasa wa tisa haraka mno, na bibi akasema kwa mwendo ule mtoto angetoka na kuanguka. Mwezi umekwisha, amehamia kwa binti yake, na madaftari kumi na manne yamelala chini ya kitanda cha wajukuu. Nikichelewa kujifunza, mjukuu mmoja anachora magari kwenye majalada. Kwa hiyo najifunza haraka.

Alhamisi wanafunzi wa ukunga huja kusikiliza. Wanakaa sakafuni kati ya rafu, wanakunja vidole pamoja na bibi. Wiki iliyopita mmoja wao alinisubiri mlangoni nikiwa naloweka leso kwa jasho, akaniuliza kwa upole nina watoto wangapi.

"Bado sina," nikamwambia.

"Pole, kaka," akasema. "Kwa mateso yote yale?"